Chupa ya Pili kwenye Baiskeli Yako

Soko la Mwala,
Machakos.
23 Septemba 2025

Mpendwa kaka Musili,

Pokea salamu zetu zikiwa bado moto. U hali gani huko Halifax? Baridi imeanza kuuma? Na wifi yangu Kasiva, mgongo wake umepata nafuu? Sisi huku tuko wazima. Mwaitu, mama yetu, alikohoa sana mwezi wa saba, tukaingiwa na wasiwasi, lakini sasa anachunga mbuzi wake mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Mvua bado. Mto umekauka, ila pale kwenye bwawa la mchanga ukichimba kidogo maji yapo, kwa hivyo mifugo haijalala na kiu.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana imenijaa kifuani tangu Jumamosi. Kaka, nimeshinda!

Mwaka jana nilikusimulia kwa simu jinsi mbio za baiskeli za wanawake zilivyonishinda, zile za kutoka Machakos mjini mpaka Mwala na kurudi. Nilikuwa mbele mpaka tulipogeuza, kisha maji yakaniishia. Misuli ikakaza mlimani, nikarudishwa kwa pikapu, mimi na baiskeli yako tumelazwa nyuma kama magunia. Watu wakasema mwalimu Kalunde amezeeka, awaachie wasichana.

Haukuwa uzee, ilikuwa kiu. Baiskeli yako ni ya chuma cha zamani, na walioiunda waliweka nafasi ya kishikio kimoja tu cha chupa. Chupa moja kwa jua la huku ni kudanganya koo.

Nikaipeleka kwa Festus, yule anayechomelea mageti, aniwekee cha pili. Akaigonga fremu kwa kidole, akasema, “Mwalimu, hii ni kazi ndogo. Natoboa mashimo mawili, tunapiga skrubu, unaenda.” Alikuwa ameshashika drili. Nilimzuia mkono. Uliponiachia baiskeli hii ulinionya isitobolewe wala kuchomelewa, kwa sababu mabomba yake ni membamba. Nikaisukuma kurudi nyumbani moyo ukiwa mzito.

Aliyenifungua macho ni Idil, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa sokoni. Nilienda kununua koki ya tangi, nikajikuta namweleza shida yangu. Akacheka, akanionyesha klipu za paipu, zile za bati zinazokazwa kwa bisibisi.

“Hizi zinashika paipu ya pampu ikitetemeka mchana kutwa,” akaniambia. “Zitashindwaje na chupa?”

Nikafunga kishikio cha pili kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti, klipu moja juu na nyingine chini. Safari ya kwanza ikaniaibisha. Barabara ya vumbi ilikitikisa hadi kikateleza, chupa zikawa zinagongana kama mbuzi madume. Nikafungua, nikakata tyubu kuukuu, nikaizungusha kwenye bomba kwanza, ndipo nikakaza klipu juu yake. Nikakipandisha kidogo, nikatafuta chupa fupi. Nikazungusha pedali: miguu haigusi kitu. Kaka, kilikaa kana kwamba kilizaliwa hapo, na rangi haina hata mkwaruzo!

Basi Jumamosi tukaanza. Wa kuogopwa alikuwa Kanini wa Kinanie, ana baiskeli mpya nyepesi kama unyoya. Tulipogeuza Mwala nilikuwa naona mgongo wake tu, tena kwa mbali. Jua lilichoma lami ikang'aa. Kabla ya kufika Masii chupa ya kwanza ikaisha, nikachomoa ya pili. Kupiga kona, nikamwona Kanini amesimama kwenye kioski, anangoja kujaziwa maji.

“Ai, mwalimu!” akapaza sauti nikipita. “Umebeba kisima?”

Nikampungia mkono. Mdomo ulikuwa umejaa maji.

Alinifuata, tena kwa nguvu. Kwenye mlima wa mwisho nilimsikia akihema nyuma yangu. Mapaja yaliniwaka moto, lakini misuli haikukaza. Nilivuka utepe nikiwa wa kwanza, yeye yuko nyuma kama urefu wa mkokoteni wa punda. Tukakumbatiana, tukalia kama watoto.

Unajua Mwaitu hakuwahi kupenda mambo ya mwanamke mzima kupanda baiskeli. Kumbe siku hiyo alikuja mjini bila kuniambia, amevaa nguo yake ya kanisani. Alipasua umati kwa viwiko, akapiga vigelegele mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akachomoa ile chupa ya pili, akanywa maji yote yaliyobaki, akawageukia watu.

“Huyu ni wangu,” akasema. “Nimemzaa mimi.”

Mjomba Masila anakusalimu, na Kisilu pia na watoto wake. Mkumbatie Kasiva kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi hiyo, na mikono yako inayouguza wagonjwa isichoke.

Ni mimi dada yako akupendaye, bingwa wa Machakos,

Kalunde