Mbio ya Tano, Namba Tatu, na Mwalimu wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi, Julai 2018. Asubuhi.

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Jua lipo, limekaa pale juu ya maghorofa ya Hillbrow kama mgeni asiyesaidia kazi. Nimejifunga blanketi kiunoni, chai iko hapa, gazeti la farasi liko hapa, na roho yangu ni chafu.

Naanza na hiyo roho, kwa sababu ninyi mnaofungua ukurasa huu kila Jumamosi kutafuta namba mmeshaanza kunung'unika kwamba bibi amechelewa. Sikuchelewa kwa uzee. Nimechelewa kwa wivu.

Nina miaka sitini na nane na nina wivu kama binti aliyechumbiwa jana.

Kwa wale wapya: mimi sichezi kamari, mimi ni mtu wa kanisa. Nachagua tu. Miaka tisa nilipika kwenye mazizi ya farasi kule kusini mwa mji, nikiwalisha wanaume wanaowatunza wale wanyama. Shule niliiacha darasa la tatu kule Uvira, kwa hiyo Kiingereza cha gazeti nasoma namba tu. Lakini farasi nimemsoma kwa macho. Namjua aliyelala vizuri na aliyeamka na hasira. Hayo hakuna aliyenifundisha ubaoni.

Haya, tufanye kazi.

Mbio ya kwanza ni ya watoto, farasi wa miaka miwili ambao hawajashinda kitu. Watoto ni watoto, yeyote anaweza kushtuka akakimbia upande. Nawapa namba tano kwa sababu alishakimbia mara mbili na mara ya pili alijirekebisha. Mbio ya pili iacheni, wote ni wavivu. Mbio ya tatu ni fupi, ya kunyooka, namba tisa. Mpanda farasi wake ni yule mwembamba asiyependa fimbo, na yule farasi akipigwa huwa anasimama kufikiri.

Mbio ya nne, namba mbili. Amepangwa geti la ndani, na kwenye kona hilo ni jambo kubwa.

Mbio ya tano.

Mbio ya tano ndiyo inayoniua.

Mwezi wa tatu alihamia kwenye jengo letu, ghorofa ya nne, mama mmoja Mkenya. Alikuwa mwalimu huko kwao, sasa amestaafu, amemfuata binti yake anayefanya kazi Sandton. Sote tunamwita Mwalimu. Ana miwani ya mnyororo, ana sweta inayofanana na kofia, anasoma Kiingereza kama mtu anayekunywa maji. Mume wangu, Baba Imani, macho yake yamekwisha. Alikuwa mlinzi wa usiku miaka mingi, na ule usiku umebaki machoni mwake. Sasa Ijumaa jioni Mwalimu anapanda kwetu, anakaa kwenye kiti changu, anamsomea gazeti lote la farasi. Maelezo yote. Maoni ya wale wataalamu. Anasoma, anatafsiri, anaeleza, na mzee wangu anacheka.

Nyumbani kwangu hakuwa amecheka hivyo tangu aache kazi.

Mimi niko jikoni nakaanga samaki, nasikia. Jana walipofika mbio ya tano, Mwalimu alisema kwa hesabu zake, ukitazama uzito na ukitazama alivyomaliza mara tatu zilizopita, mshindi ni namba tatu. Baba Imani akajipiga paja. Akamwambia, "Mwalimu, wewe ni hatari."

Nimeolewa na huyo mwanaume miaka arobaini na nne. Nimemzalia watano. Nimevuka naye mipaka mitatu na mabegi kichwani. Hajawahi kuniambia mimi ni hatari.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Namba tatu alikuwa wangu.

Alhamisi nilikwenda mazizini kuwasalimia wenzangu wa zamani, nikawapelekea maandazi kama ninavyofanya. Nikamkuta huyo jike mwekundu anarudi kutoka mazoezini. Nikasimama. Miguu ya nyuma ilikuwa inakanyaga mbele kabisa ya alama za miguu ya mbele, kiganja kizima na zaidi. Manyoya yanang'aa katikati ya baridi hii kama kiatu cha mchungaji. Wakamwekea chakula, akamaliza, akalamba ndoo. Nikarudi nyumbani na siri yangu kifuani, nikisema Jumamosi nitamwambia mzee, naye atajua bado nipo.

Kumbe mtu anaweza kuipata siri hiyohiyo akiwa amekaa kwenye kiti changu, na miwani, bila hata kunusa kinyesi cha farasi. Eish.

Basi leo asubuhi, nikimimina chai, Baba Imani aliniuliza kama anavyoniuliza kila Jumamosi, "Na wewe, Mama Imani, mbio ya tano unasemaje?"

Nikasema saba.

Ilitoka tu. Ningesema tatu ningekuwa mwanafunzi wa Mwalimu, nikirudia somo. Nikasema saba, na nikaendelea kumimina.

Namba saba namjua. Yuko mazizi yaleyale. Ni mrefu, ni mzuri wa picha, na tangu wiki iliyopita anaacha ndoo nusu. Farasi anayeacha chakula hashindi hata mbio za kwenda chooni.

Nilidhani mzee ataleta ubishi. Nilidhani atasema lakini Mwalimu amesema hivi, Mwalimu amesoma vile, na mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu makali. Hakubisha. Alisema, "Basi naiacha namba ya Mwalimu. Nafuata yako. Wewe hujawahi kunidanganya kwa farasi."

Akachukua fimbo yake, akashuka kwenda kumwambia.

Hapo ndipo nilipoketi na simu yangu kuandika. Nimeshinda, sivyo? Ameniamini mimi, amemwacha mwenye miwani. Nilichokuwa nakitaka tangu mwezi wa tatu nimekipata, na nimekipata kwa uongo. Leo mchana atasimama pale uwanjani na macho yake mabovu, ananiuliza saba yuko wapi, saba yuko wapi, nami nitakuwa namwona saba yuko wapi.

Na ninyi je. Kuna mama wa Soweto mwenye kiduka cha spaza anayenifuata hapa. Kuna wale mafundi cherehani. Niwape saba ninyi pia ili uongo wangu usimame vizuri?

Hapana. Mbio ya tano ni namba tatu. Nimeandika. Msiniulize tena.

Mbio ya sita, namba moja, ingawa wamembebesha uzito mkubwa. Mgongo wake unaweza. Ya saba na ya nane nitaziandika baadaye, maana mlango umefunguliwa, mzee amerudi.

*

Nimerudi.

Alipoingia nilimwambia kabla hajavua kofia. Nilisema, Baba Imani, saba haendi popote, haali vizuri. Tatu ndiye.

Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Kwa hiyo farasi asiyekula ndiye uliyenipa mimi."

"Ndiye."

"Mumeo."

"Wewe huyohuyo."

Nilitegemea agombe. Akauliza kwa nini, taratibu, na mimi nikamwambia kwa nini, si taratibu. Nikamwambia habari ya kiti, ya kucheka, ya hatari. Nikamuuliza kwa nini hakuniomba mimi nimsomee. Akasema aliwahi kuniomba, mwaka juzi. Nilimsomea mistari miwili kwa shida, nikalitupa gazeti, nikamnunia mpaka Jumatatu. Tangu hapo akaogopa kuniomba.

Hilo nilikuwa nimelisahau. Au nilijisahaulisha.

"Sasa shuka ukamwambie Mwalimu nimekosea," nikasema.

"Nimetoka kupanda ngazi. Nilimwambia wewe hukosei. Kashuke mwenyewe."

Ghorofa tatu. Lifti haifanyi kazi tangu Pasaka. Nilishuka na blanketi langu kiunoni, nikagonga, nikasimama wima. Sikuomba msamaha, mimi si mtu wa mizunguko. Nilimwambia, "Mwalimu, namba yako ndiyo yenyewe. Mimi nilimwona huyo farasi Alhamisi, nikasema saba kwa kukuonea wivu."

Alivua miwani. Nilidhani atanipa hotuba ya darasani.

"Ulimwona? Yeye mwenyewe, akitembea?"

"Kwa macho yangu."

"Mimi, Mama Imani, farasi namwogopa hata akiwa kwenye picha. Mara moja binti yangu alinipeleka uwanjani, nikajificha chooni walipopita. Ulijuaje kwa kutembea tu?"

Nikamweleza ile miguu ya nyuma. Alichukua kalamu akaandika. Mwalimu mzima, aliandika maneno yangu, akaniuliza tena nusu ya sentensi ili asikosee. Akasema na yeye Ijumaa huwa anatamani kuniuliza, ila mimi huwa natoka jikoni na uso kama wa askari wa mpakani, anaogopa.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, sikufurahi kwa sababu tumepatana. Nilifurahi kwa sababu anaogopa farasi.

Sasa msidhani wivu umekwisha. Nimepanda ghorofa zote tatu nikiukanyaga na bado nilipofika juu ulikuwa umeshafika. Miwani ile bado inaniudhi. Kiti changu nakitaka. Ijumaa ijayo asome, sawa, lakini akae kwenye lile benchi, na mimi nitakaa hapo karibu nisikie, na samaki atasubiri. Na labda atanionyesha yale maneno matatu manne ya Kiingereza yanayorudiarudia kila wiki. Labda. Sijamwambia bado.

Mbio ya saba, namba sita. Ya nane sijui, na nisipojua nasema sijui, kuanzia leo.

Binti wa Mwalimu anakuja saa tano na gari kutuchukua kwenda uwanjani. Baba Imani ameshavaa koti, amekaa anasubiri, ananukia mafuta ya nywele. Nimemuuliza anataka kupendeza kwa nani. Amesema, "Kwa mwanamke mwongo mmoja."

Kutubu ni kesho, kanisani, na nitatubu vizuri. Leo mzee na Mwalimu watakaa kiti cha nyuma cha gari, mmoja dirisha hili, mwingine dirisha lile.

Katikati nakaa mimi.