Ushirika Wote Ulifunga kwa Ajili ya Mgonjwa wa Televisheni

Mpendwa Shangazi Leokadia, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana usingizi umenihama na chakula hakipiti. Mimi ni Mkenya, Mkristo, naishi Gaithersburg huku Marekani na mume wangu Nehemiah, ambaye ni mzee wa kanisa, na binti yetu Bridget wa miaka kumi na sita, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja Mmarekani huko Wheaton, anaitwa Cheryl, na huyu bibi kila mchana lazima atazame mchezo wake wa televisheni, nami nikimlisha supu nilianza kutupa jicho, mwishowe nikawa navuta kiti.

Shangazi, katika mchezo huo kuna mwanamke ambaye mumewe alipata ajali akalala hospitalini bila fahamu, na dada mdogo wa huyo mwanamke anamnyemelea mgonjwa pale pale kitandani, nami jambo hilo lilinichoma, Cheryl analia na mimi nalia, hata siku zangu za mapumziko nikawa namwomba Bridget aninasie mchezo kwenye kanda ya video baba yake akiwa kazini. Basi Jumamosi moja katika ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba, Mama Vumilia, Mtanzania anayetuongoza katika maombi, aliuliza nani ana hitaji, na kabla sijajua ninalosema nikasimama nikasema kuna dada namwona kila siku kazini, mumewe haamki, na machozi ya kweli yakanitoka, nao wakadhani ni mtu halisi, sikuwasahihisha, wakafunga wiki nzima, watu wanaofanya zamu mbili hospitalini wakafunga!

Halafu mgonjwa akaamka. Nilipiga haleluya mpaka Cheryl akamwaga chai, na Jumamosi iliyofuata nikatoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa, Nehemiah akanitazama kwa fahari, na Bridget alikuwa jikoni akipanga vikombe, akaniangalia tu, kisha akaendelea na vikombe vyake.

Sasa zamu ya ushirika ni kwetu, na Mama Vumilia amenipigia simu akasema, "Mama Bridget, huyo dada na mumewe waje watushuhudie, mimi nitapika pilau," nami nikajibu, "Bwana akipenda." Na Nehemiah naye hataki wageni wakute picha za waimbaji wa dunia kwenye ukuta wa Bridget, walivyo nusu uchi, akaniagiza mimi nizibandue na kanda zake za muziki nizitupe. Nilipoingia chumbani mtoto akaniambia, "Mom, at least I never made anybody fast for mine," yaani yeye angalau hajamfungisha mtu kwa ajili ya wale wake, akageukia ukuta, na tangu hapo hanisemeshi. Aibu naiogopa, lakini zaidi naogopa kumpoteza huyu mtoto. Je, niseme wale watu wamehamia Texas?

Mama Bridget, Gaithersburg

Mama Bridget,

Usithubutu kuwahamishia Texas. Mama Vumilia ataomba namba yao ya simu, na hapo itabidi uwaue.

Pole, mwenzangu. Nimecheka, kisha nikasikitika. Kulia si dhambi. Unakaa mchana kutwa na bibi wa watu, mbali na dada zako, ukaona mwanamke anaonewa ukamhurumia. Moyo wako ni mzima. Lakini ulipowaona ndugu zako wanakwenda kazini na njaa ukanyamaza, ulikosea, na uliposhangiliwa ukakosea tena. Usiisingizie televisheni. Haikusimama yenyewe kutoa ushuhuda, ulisimama wewe.

Na nyinyi wazazi mna mambo! Umewahi kukaa na Bridget mkasikiliza hata wimbo mmoja? Mchezo wako uliukalia kitako mpaka ukaulilia, kanda zake unataka kuzitupa hujui zina nini. Huenda mle ndani mna uchafu, na ukiusikia umwambie waziwazi, wewe ni mama yake. Ila usikie kwanza. Zile picha ziache ukutani kwa sasa, na Nehemiah mwambie nimesema mimi.

Mumeo mwambie yote leo. Atakasirika, mwache akasirike. Mama Vumilia mpigie kabla hajanunua nyama. Na usidhani simu hiyo inatosha: Jumamosi simama mbele ya wote, kama ulivyosimama ile siku ya kwanza, useme ulikuwa mchezo wa televisheni, uombe radhi. Wako watakaocheka na wako watakaonuna. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imeishia sebuleni kwako. Kisha mwombeeni mgonjwa wa kweli, maana huko hospitalini wenzako wanakofanya kazi hawakosekani.

Lakini kabla ya hao wote, nenda kwa Bridget. Siku ile, na vikombe mkononi, angeweza kukuumbua kwa neno moja. Hakufanya. Amekubebea aibu yako peke yake, na wewe ukamwendea kubandua picha. Mwombe msamaha, na usiuchanganye na mahubiri. Kisha umwombe Jumamosi asikae jikoni, akae karibu nawe utakaposimama, maana katika sebule nzima ni yeye tu aliyeijua siri yako tangu mwanzo na hakukutupa.