Leso Kwenye Kamba

Jumapili, 1 Machi 2026
Mkutano wa siasa hapa mtaani, Kawangware 56. Mgombea mmoja anayetaka ubunge huko Magharibi amefuata watu wake mpaka huku — wamepanga nyumba Nairobi, lakini kura zao ziko kwao kijijini. Aligawa leso zenye sura yake. Mimi Syokau, Mkamba wa chuo kikuu, nikapewa pia! Nikachukua. Ningekataa ningeonekana nina maringo.

Jioni jirani yangu Phanice alinipikia mboga ya mrenda. Tulicheka mpaka majirani wakatugongea ukuta wa mabati. Jumamosi ananipeleka kwao Magharibi tupande mahindi na mamake. Utafiti wangu wote wa chuo unategemea hiyo safari. Lakini ukweli? Nafurahi tu kualikwa mahali.

Jumatatu, 2 Machi
Nimefua. Jua kali. Nimeanika kila kitu, leso pia.

Jumanne, 3 Machi
Kwani kuna nini kwa hii ploti yetu ya kupanga? Namwambia Nyongesa, fundi wa viatu, "Sasa?" — anainamia kiatu. Kwa bomba la maji wamama walinyamaza nilipofika. Phanice hajafungua mlango.

Jumatano, 4 Machi
Nimejua. Phanice alikuja, akasimama nje, hakuingia. Kule kijijini mamake alikataa kuvaa hiyo leso. Watu wa huyo mgombea wakamtoa kwa orodha ya mbolea ya serikali. Mwaka huu atapanda bila.

"Na wewe unaianika mbele ya mlango wangu, Syokau?"

Nikasema kwa mkutano nilienda kuchunguza tu. Kuchunguza! Huu mdomo wangu jamani. Akaniuliza kama hata mamake naenda kumchunguza. Nasomea vile siasa inaingia shambani, halafu naileta mwenyewe mpaka kwa ploti.

Ijumaa, 6 Machi
Hakuna aliyenisalimia. Nilipika ugali wa watu wawili. Nimelia, wacha niseme tu.

Jumamosi, 7 Machi
Asubuhi. Begi liko tayari, gambuti za shamba nimevaa. Phanice hajasema niende, hajasema nisiende. Ukuta ni mabati, namsikia akiongea na mamake kwa simu. Kiluhya nashika kidogo kidogo. Naona mamake ameuliza kama mgeni bado anakuja. Phanice akamjibu:

"Bado sijamuuliza, mama."

Amefunga mlango wake kwa kufuli. Nikadhani ameenda. Hapana — naona viatu vyake kwa ule mwanya wa chini ya mlango wangu. Hagongi. Haondoki. Na mimi hapa, bado naandika badala ya kumfungulia.