Mimi kwa Kirusi

Voronezh, 10 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Marsiana,

Shikamoo sana. Habari za Ntobeye, za migomba, za goti lako, na za Baba? Sisi huku hatujambo, isipokuwa ulimi, ambao umechoka kuliko miguu ya mtu aliyekwenda Ngara mjini na kurudi. Uliagiza niandike kwa mkono, barua nzima yenye kichwa na mkia, ndipo niipige picha na kuituma kwa simu, kwa kuwa jumbe za vipande vipande zinakuumiza macho. Haya, hii hapa.

Baridi nimeizoea. Kinachonitesa ni vitenzi. Mwalimu wetu, Tamara Ilyinichna, mama mmoja mfupi asiyecheka bila sababu, anatuandikia ubaoni neno "videt", maana yake kuona. Unadhani umeshalishika, kumbe ukitaka kusema "ninaona" ile d inakimbia, inakuja "vizhu". Hiyo zh ni kama z iliyobanwa na meno. Kuomba ni "prosit", lakini ninaomba ni "proshu": s imekuwa sh. Kupenda ni "lyubit", ninapenda ni "lyublyu", l nyingine imezuka kama uyoga. Na sisi watu wa Ngara unatujua na l na r zetu! Mkazo nao hautulii. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na hausumbui mtu, huku ukisema "ninaomba" unarukia mwisho kabisa, ukisema "unaomba" unarudi mbele.

Lakini usiwe na wasiwasi, mwanao si mjinga. Nimegundua kwamba katika vitenzi vya namna hii anayebadilika ni "mimi" peke yake. Wewe, yeye, sisi, wao, wote wanabaki na d yao na s yao. Basi mimi nasema "sisi" tu. Tunaona, tunaomba, tunapenda. Mdomo unapumzika, na adabu inabaki palepale ulipoiweka.

Mtihani wa mazungumzo ni mwishoni mwa Januari. Anayefaulu anaendelea, kisha anaingia udaktari wa mifugo. Anayefeli anapewa nafasi moja ya kurudia, na akifeli tena anarudishwa nyumbani. Sina mpango wa kurudishwa. Mwambie Baba kwamba yule ambaye hajaruhusiwa kugusa ng'ombe wake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, atarudi na cheti cha kuwatibu.

Ni mimi mwanao,
Joyceline

*

Ntobeye, 24 Novemba 2024

Mwanangu Joyceline,

Marahaba, marahaba tena. Huku tu wazima. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Maharage yamechanua, na baba yako anakusalimu kwa namna yake: nilipomsomea barua yako aliguna mara mbili, na unajua Ansbert haguni bure.

Sasa hao Warusi wako wasikutishe. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na nakuambia hawajavumbua kitu. Anayepika ni nani? Mpishi. K imekwenda wapi? Imekuwa sh. Anayelinda ni mlinzi, d imekuwa z. Anayefuata ni mfuasi, t imekuwa s. Ukipenda, kinachotoka ni mapenzi. Na Kihangaza chetu je? Kuongea ni "vuga", ukishaongea inakuwa "vuze". Kupenda ni "kunda", ukishapenda ni "kunze". Hukufundishwa hayo na mtu, uliyanyonya. Ulimi wako umekuwa ukibadilisha sauti tangu hujaota meno, leo unaogopa d moja ya Voronezh? Tamka kwa sauti unapoosha vyombo, unapofagia, unapofua. Neno linalotamkwa huku mkono unafanya kazi halitoki.

Na hilo la "sisi" limenifurahisha mno. Hapo nimejua hukulelewa na upepo. Mtoto anayejitaja mimi, mimi, mimi mbele ya watu wazima ni debe tupu. Unakumbuka nilivyokuwa nikiuliza, "Nani kateka maji?" Ukijibu "mimi", nilikurudisha mlangoni ujibu upya, "Tumeteka, Shangazi." Endelea hivyohivyo. Huyo mwalimu asiyecheka atatambua mwenyewe kwamba ana mtu mwenye adabu darasani.

Usisahau kula. Nasikia wana uji wa nafaka nyeusi. Kula, uji ni uji.

Shangazi yako anayekuombea,
Marsiana

*

Voronezh, 29 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Natumaini mlisherehekea Krismasi vizuri na goti limepoa. Afya yangu ni njema. Habari ni mbaya.

Nimefeli.

Walikuwa watatu mezani, Tamara Ilyinichna katikati. Kusoma nilisoma, maswali ya kusikiliza niliyajibu yote. Kisha wakaniambia nieleze kwa nini nataka kutibu mifugo. Nikawaeleza habari za Bihogo, yule ng'ombe mwekundu wa Baba aliyekuwa akitoa maziwa mpaka majirani wanakuja na vibuyu. Nikawaambia tulikosea siku ya kumpeleka josho kuogeshwa dawa, kupe wakamwingia, akapata ndigana, akafa na mimba yake.

Mmoja akauliza, "Nani alikosea?" Nikasema, "Sisi." Akauliza tena, taratibu, akidhani sijaelewa, "Nani?" Nikasema, "Sisi." Tamara Ilyinichna akavua miwani. Akaniambia, "Joyceline, tangu Oktoba sijakusikia hata mara moja ukisema ninaona, ninaomba, ninapenda. Darasa zima linaona pamoja nawe? Mimi nataka kukusikia wewe." Nikafungua mdomo, Shangazi, ikatoka "tunaona". Nilikuwa naujua ule mgeuko wa sauti. Nimeutamka nikifagia ukumbi mzima wa bweni, kama ulivyoniagiza. Lakini mbele ya watu wazima watatu, ile "mimi" ilinirudisha mlangoni kwako.

Nakuambia bila kuficha, nimekukasirikia. Uliniambia niendelee hivyohivyo, nikaendelea, na hapa ndipo nilipofika.

Na kwa kuwa leo nasema yote, niseme na hili. Jibu la lile swali lilikuwa "mimi". Mimi ndiye niliyekosea siku ya josho. Niliwapeleka Alhamisi, nikakuta josho limefungwa, dawa ilishawekwa Jumanne na kwisha, na haikuja tena mwezi ule. Baba aliponishika ulisimama mbele yangu ukasema, "Tulikosea siku." Ulinikinga, na sijawahi kukushukuru. Asante. Ila kinga yenyewe imenifelisha.

Ninarudia tarehe 21 Februari. Ni nafasi ya mwisho.

Joyceline

*

Ntobeye, 9 Februari 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Nimeisoma kwenye kioo cha simu mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona aibu kulia wakati mwenye haki ya kulia ni wewe. Wote wazima. Goti liache.

Niliandika karatasi tatu za kukuelezea adabu ni nini, nikazitia jikoni zote, maana nilikuwa nazunguka mbuyu. Sasa naandika lenyewe.

Hukukosea siku ya josho. Siku ilibadilishwa. Bwana mifugo alipita shuleni Ijumaa, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, akaniambia, "Mwalimu, mwambie kaka yako, josho limesogezwa, ni Jumanne." Nikamwitikia ndiyo. Nikaendelea kusahihisha. Nikafunga kabati, nikaenda zangu kwenye kwaya, na neno lile sikulikumbuka mpaka Alhamisi nilipokuona unarudi na ng'ombe wakiwa wakavu.

Nilipaswa kusema palepale. Baba yako alikuwa amekushika mkono, nami nikasema "tulikosea". Kila mtu aliona ninakukinga. Mama Verediana wa jirani alinisifu kanisani kwamba nina moyo wa kumbeba mtoto wa kaka yangu. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ansbert akakufukuza zizini, miaka kumi sasa, na kila nilipokuona unasimama nje ya ua ukitazama wenzako wakikamua, nilijiambia ni jambo dogo, litapita. Halikupita. Wewe ukalibeba mpaka Urusi.

Mimi niliambiwa. Mimi nilisahau. Mimi nilinyamaza. Nimeandika hiyo "mimi" mara tatu, na kila mara nimeweka kalamu chini kwanza, nami ni mtu niliyesahihisha insha za watoto elfu. Basi najua nilichokudai pale mlangoni. Adabu ni nzuri, lakini nilikufundisha nusu yake. Sifa tunagawana, hiyo ni adabu. Kosa, kila mtu na lake.

Kasirika, una haki. Ila usinikasirikie ukasahau kusoma. Wewe una kichwa kuliko sisi sote, na hapa nasema "sisi" kwa kuwa ndiyo kweli. Nenda ukakae mbele ya hao watu watatu ukaseme unachokiona wewe.

Shangazi yako aliyekukosea,
Marsiana

*

Voronezh, 22 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimelala saa kumi na moja mfululizo. Natumaini nanyi hamjambo.

Nimefaulu.

Sitakudanganya, barua yako niliisoma na kuitupa chini ya kitanda siku nne. Nilikwenda darasani nina hasira, na hasira ilinifaa. Tamara Ilyinichna aliuliza nani anaona picha ukutani, nikasema "vizhu" kwa sauti iliyomgeuza mwenzangu wa mbele. Mimi, ninaona! Tangu siku hiyo sikusema tena "sisi", hata mwenzangu wa bweni akadhani nimegombana na watu wote. Mazoezi yako ya ufagio niliyaendeleza. Ninaomba, ninatembea, ninapika, ninapenda. Zh, sh, na ile l inayozuka, zote zikaja zenyewe, kama ulivyosema, maana ulimi wetu unazijua kazi hizo.

Jana walikuwa walewale watatu. Wakaanzia walipoachia, nami nikasimulia upya. Nilisema nilikuwa mtoto, niliwapeleka ng'ombe siku niliyoijua, na aliyeijua siku mpya hakusema. Nilisema ninampenda mtu huyo na nimemkasirikia. Yule mzee wa kushoto akauliza, "Utamsamehe?"

Kusamehe ni "prostit". Ukisema "nitasamehe", s na t zinayeyuka pamoja, zinatoka sauti moja nzito, "proshchu", ambayo darasani ilinishinda kuliko zote. Nikaitamka ikatoka safi, mkazo mwishoni. Tamara Ilyinichna akacheka, Shangazi, tena kwa meno yote. Mzee hakuridhika. "Lini?" akauliza.

Nikamjibu, "Akishamwambia baba yangu." Akaandika alama zangu.

Kwa hiyo jibu lako ni hilohilo. Kunieleza mimi umeshanieleza, na ulijitahidi. Lakini aliyenifukuza zizini ni Baba, na hajui. Usimtumie barua. Usimtume Mama Verediana. Mwambie kwa mdomo wako, na usiseme "tulikosea".

Nakusubiri,
Joyceline

*

Ntobeye, 2 Machi 2025

Mwanangu Joyceline,

Marahaba, na hongera. Nimeipigia vigelegele habari yako mpaka kuku wamekimbia. Mvua imekolea, tunapalilia. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimemwambia leo asubuhi, kabla ya misa. Nilimkuta zizini anakamua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini nilipofika mlangoni pa zizi nikayaona hayana kazi. Nikasema, "Ansbert, mimi ndiye niliyeambiwa siku ya josho. Nilisahau, nikakuacha umwadhibu mtoto."

Hakuacha kukamua. Alimaliza chuchu zote nne, akainuka, akafunika kibuyu kwa majani. Sijawahi kumwogopa kaka yangu, leo nilimwogopa. Kisha akaelekeza kidole kwa yule mtamba mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso. "Yule ni wa Joyceline," akasema. "Atazaa mwakani, na atakayemkamua ni yeye mwenyewe akija likizo. Mwandikie hivyo."

Nikasema nitaandika. Nikanyoosha mkono nipokee kibuyu, kama ninavyofanya kila asubuhi. Akakiweka chini, upande wake.

"Na wewe, Marsiana," akasema, "toka zizini mwangu."

Nimetoka. Nakuandikia nikiwa nje ya ua, nimekaa kwenye kigogo, naona migongo ya ng'ombe tu. Sijui ni kwa muda gani, wala sikuuliza.

Ni mimi,
Shangazi yako Marsiana