Mawese pale mto unapozama

Neema, mke wangu mdogo, kisa cha mto wetu hapa Kasulu usikisikie kwa mwingine, wote wanakikosea. Sisi wazima, ni magoti tu ya bibi yako. Umeuliza kwa nini nawafukuza wanaoloweka mihogo pale mto unapozama chini ya mawe.

Baba yako alipokuwa mchanga, tulichota maji chemchemi ya bondeni, na tumbo lake halikutulia. Tulipoitilia shaka mihogo waliyoloweka mtoni, wazee wakasema, "Mto ule na chemchemi hii havijuani." Mimi, kichwa hiki unachokijua, nikajiuliza: ukizama, unakwenda wapi? Nikabeba dumu la mawese, nikalimwaga palepale. Bibi yako akapiga kelele, "Wewe! Umelogwa? Mboga tutaunga na nini?"

Jioni tukashuka chemchemini. Juu ya maji yalielea matone mekundu ya mafuta. Wazee wakatazama, wakatazamana, kisha kila mmoja akapanda juu mtoni kutoa mihogo yake. Tumbo la baba yako likatulia, akakua mkaidi vile.

Haya, bibi yako ananikodolea macho. Neno moja nimetunga: aliyemwaga mawese ni yeye. Mwenye kelele nilikuwa mimi.

Mumeo mzee,
Babu