Swali la Samaki, Mara ya Pili

Alhamisi, Mbamba Bay. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Nimekaa gesti na karatasi ambayo natamani nisingeijaza.

Kazi yangu kwa sasa ni kuuliza watu wanakula nini. Dodoso lilitungwa Uturuki, kupima kama mtu anakula kama watu wa Mediterania na kama ulaji wake hauharibu mazingira. Sisi tumelitafsiri, na sasa tunalipima lenyewe: mtu yule yule anaulizwa maswali yale yale mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Majibu yakilingana, dodoso linaaminika. Kule Mkumbi, kijiji nilichoanzia, waliniambia mafuta ya zeituni wanayajua sana, padri huwapaka wagonjwa. Nikacheka, nikaandika "hatumii".

Huku ziwani nilitegemea mteremko. Mama Anjela, mke wa mvuvi, mara ya kwanza aliwapita wote kwa alama: usipa, dagaa wa ziwa hili, kila siku, mboga za majani, maharage, nyama Krismasi na Pasaka tu. Niliona aibu kuuita umaskini wake ulaji bora, lakini fomu ndivyo inavyohesabu.

Leo nimerudi. Nimempa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini bila kuinua macho. Dada yake akanivuta kando akanieleza: siku ya tisa hii mume hajarudi. Mtumbwi umeonekana, yeye hapana. Na kwao, ziwa likimshikilia mtu, nyumba nzima haigusi samaki mpaka maiti ipatikane.

Ilifaa niage pale pale.

Sikuaga. Mwenye utafiti ameshanionya kwamba majibu ya watu wangu yanapishana mno, na kwamba yakiendelea hivyo atatafuta mtu mwingine. Mama mwenyewe akasema niulize tu, maana nimetoka mbali. Nikauliza. Samaki? Akatikisa kichwa. Tangu siku ile wanakula ugali wa muhogo na mboga ya kuchemsha. Nikafika swali la mwisho, kama anapendelea chakula kinachopatikana karibu na anapoishi.

"Mwanangu," akasema, "cha karibu ndicho nisichoweza kukitia mdomoni."

Nikaandika: samaki, kila siku. Chakula cha karibu, ndiyo. Sawasawa na mara ya kwanza, ili karatasi zilingane. Niliandika mbele ya macho yake, naye hajui kusoma. Akanishukuru kwa kuja kumwona.

Najichukia.

Sasa hivi nimeyakata kwa kalamu yale majibu mawili. Fomu haina nafasi ya maelezo, kwa hiyo nimeigeuza nikaandika nyuma: Hagusi samaki. Mumewe hajapatikana. Kesho napanda gari la Mbinga kuikabidhi. Najua wataitoa kwenye hesabu, na huenda wakanitoa na mimi.

Nilitaka nimwombee mama yule kabla sijalala. Nimeshindwa. Nikiomba maiti ya mumewe isionekane, watoto wake wanaendelea kukaa na njaa kando ya ziwa lenye samaki. Nikiomba ionekane, namwomba Mungu nini hasa?