Namba ya Maktaba Niliyokunyima

Jumamosi, Maore. Jua limeanza ukali tangu asubuhi, na upepo wa mlimani leo haujashuka.

Nakijwa mwanangu, salamu nyingi. Baba yako hajambo, ni goti tu linalomsumbua akitembea kwenye matuta. Bibi yako hajambo, jana alimaliza ugali wote akauliza kama mtoto wako ameota jino. Mdogo wako Elia yuko Same kwa fundi, anajifunza kuchomelea, macho mekundu kama pilipili lakini ukimwambia hasikii. Shangazi yako malaria imemwachia. Hata ng'ombe amezaa, dume. Na huko Ugweno nawasalimu wote: mkwe wangu, mama mkwe wako, na huyo mjukuu wangu ambaye bado sijambeba.

Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imekosa pa kukaa.

Ninyi wengine mnaopita hapa kusoma habari zangu za mpunga na mapishi, mnisamehe, leo sina mapishi. Ukurasa huu alinifungulia Nakijwa mwenyewe, akanionyesha pa kubonyeza. Simu zangu hapokei, wiki ya tatu sasa. Lakini najua hapa atapita, hata kama ni kwa hasira.

Nakijwa anasoma chuo kikuu, shahada ya pili. Alipojifungua akaenda kukaa kwa mama mkwe wake, huko Ugweno mlimani, na andiko lake la shahada akaenda nalo. Msimamizi wake akamrudishia sura moja, akamwambia aongeze makala mapya, mwisho Ijumaa. Makala yenyewe si ya karatasi. Yako kwenye majarida ya maktaba ya chuo, humo kwenye mtandao. Mimi nilimwuliza kwa nini hakuazima akaenda nayo. Akacheka sana. Akasema, "Mama, ukiwa chuoni yanafunguka tu. Ukiwa nje ndio yanakuuliza wewe ni nani."

Hayo maneno nimeyatafuna mpaka yamekuwa machungu. Aliyekaa ndani ya geti, chini ya feni, haulizwi kitu. Aliye mlimani na mtoto mgongoni ndiye anaulizwa. Kwanza neno la siri, halafu namba inayotumwa kwenye simu, nayo hufa baada ya dakika chache. Na simu wanayoijua hao wa maktaba ni yangu. Alipoanza chuo mwaka wa kwanza hakuwa na simu, akaandika namba ya mama yake, ikabaki hiyohiyo. Kuibadilisha ni mpaka aende mwenyewe.

Sasa mimi nilifundishwa nini? Kila Jumapili kwenye matangazo usharikani: usimsomee mtu namba zinazoingia kwenye simu yako, hata akijiita mwanao. Mama mmoja wa kwaya yetu alipigiwa na sauti ya mjukuu wake inalia, akasoma namba, wakamsafisha pesa zote. Tulimchangia unga.

Nikaapa mimi hawanipati.

Ijumaa hiyo nilikuwa shambani juu ya dungu, nafukuza ndege. Ujumbe ukaingia, Kiingereza kitupu, namba ziko katikati. Mimi niliishia darasa la nne. Kabla sijarudisha simu kwenye khanga, ikaita namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, imekauka, inakatikakatika.

"Mama, kuna ujumbe umeingia, nisomee namba haraka!"

Hakuna shikamoo. Hakuna mmeamkaje.

"Wewe nani?"

"Nakijwa, mama! Laini yangu haishiki, hii simu ni ya jirani. Soma, dakika zinaisha."

"Nakijwa wangu hawezi kuniamrisha bila kuniamkia. Na nyie matapeli wote dakika zenu huwa zinaisha."

"Mama jamani, ni mafua tu haya..."

"Mafua ya wizi hayo. Aliyekuzaa anajua kazi unayofanya? Mwizi mkubwa wewe, shika jembe ukalime!"

Nikakata. Akapiga tena, nikakata. Akapiga tena, nikazima simu kabisa.

Mama Eliamini wa shamba la jirani akapiga vigelegele. "Umempa dawa yake! Huyo harudii!" Tukacheka mpaka ndege wakatua. Niliteremka pale najiona shujaa, njia nzima nasimulia.

Jioni nilipowasha simu akapiga mkwe wangu, kwa namba yake ninayoijua. Akaniamkia vizuri, akauliza habari za kila mtu, halafu akasema taratibu, "Mama, yule alikuwa Nakijwa."

Nilikaa chini, kwenye kuni.

Na si hilo tu. Alikuwa ananyonyesha, simu kaiweka spika. Mama mkwe wake alikuwa pale pale anamenya ndizi. Alisikia yote. Alimsikia mama mzazi akimwita mwanae mwizi, mbele ya watu ambao hata mwaka hajamaliza kwao.

Maktaba ikamfungia akaunti kwa sababu alijaribu mara nyingi. Alipowapigia, wakamwambia aandike barua pepe asubiri. Wakajibu tarehe imeshapita. Msimamizi akasema basi, ajipange na watakaokuja nyuma yake, mwakani. Imebaki nafasi moja ndogo: mkwe ananiambia Jumatatu idara ina kikao, akiwahi kuipeleka hiyo sura huenda wakamfikiria. Huenda.

Baba yako anasema sikukosea, nilifanya kama tulivyoambiwa. Ni kweli. Na kwa kweli ndiyo maana nina uchungu hivi. Ningekuwa mzembe ningemsomea, na leo mwanangu angekuwa anamaliza. Nimetii, nimemwangusha. Wale walioandika ujumbe kwa Kiingereza hawakuwaza kwamba simu inaweza kuwa mkononi mwa mtu kama mimi. Wangeweka neno moja tu, maktaba. Hilo ningelisoma.

Lakini sauti yako je? Hiyo hakuna aliyeiandika kwa Kiingereza. Nimekuzaa, nimekulea na mafua yako yote, kila masika ulikuwa nayo. Nikashindwa kuijua kwa sababu hukuniamkia.

Hapo sina wa kumlaumu.

Leo saa saba mchana, nikiwa huku shambani, ujumbe umeingia tena. Kiingereza kilekile, namba nyingine. Nikajua wamekufungulia akaunti, nikajua umekaa unajaribu. Nikashika simu kwa mikono miwili nisubiri upige.

Hukupiga.

Nakijwa, uliona ni heri namba ife kuliko kuniomba mimi.

Sikungoja tena. Nimeiandika, nikakosea, nikafuta, nikaandika upya. Nimeituma kwako, nikatuma kwa mkwe, nikatuma na kwa ile namba ya jirani niliyoikatia simu. Nimekupigia, haishiki. Sijui kama imekufikia ikiwa bado hai. Tangu hapo naangalia simu kama mtu aliyeweka chungu jikoni.

Sikuombi tuyamalize hapa mbele za watu. Kwa mama mkwe wako nitapanda mwenyewe, nikae jikoni kwake, nimweleze kwa mdomo wangu nilimtukana nani na kwa nini. Hilo niachie mimi.

Wewe nataka unijibu kitu kimoja tu. Imefunguka? Kama haikufunguka jaribu tena sasa hivi, usingoje kesho, Jumatatu iko karibu. Sitoki kwenye dungu hili, hapa mtandao ni mzuri, na ndege leo wale watakavyo. Namba ikiingia naituma hapo hapo, sitauliza ni nani anaitaka.

Niandikie neno moja, imefunguka au imekataa. Upesi, mwanangu.